Mkono Mfupi wa Kanzu ya Baba

Usiku ule, usiku wa mwisho wa eda ya mama, baba aliingia chumba changu cha kushonea akiwa ameshika kanzu yake mkononi. Hakubisha hodi. Baba alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuingia mahali bila hodi, hata kwa mwanawe wa kumzaa, kwa hiyo nilipomwona amesimama kati ya cherehani na kabati la vitambaa nilijua palepale kwamba huyu ni marehemu, nami naota. Nilijua kabisa, na kujua hakukunisaidia kitu.

Alikuwa amevaa fulana nyeupe na kikoi, kama alivyokuwa akikaa ndani mchana wa joto. Miguu yake haikuwa na ule uvimbe uliomtesa mwaka mzima. Nikataka kumwamkia, nikasema shikamoo, lakini sauti haikutoka, na yeye hakuonyesha kuingoja. Aliitandaza kanzu juu ya meza yangu ya kukatia, akaukunjua mkono wa kushoto taratibu.

"Zuhura," akasema, "huu mkono ushushe."

Kanzu ile niliijua, maana niliishona mwenyewe. Mie ni mshonaji, hapa hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa ishirini na tatu huu, na kanzu zote za baba zimepita chini ya sindano yangu. Zote mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa vidole viwili. Wasiojua walikuwa wakininong'onea kwamba nimekosea kukata. Sikukosea. Baba alitaka saa yake ionekane, na mimi nilimkatia kama alivyotaka.

Saa yenyewe ilikuwa ya dhahabu, ya Uswisi, nzito mkononi, na tuseme kweli, haikuwa saa ya watu wa hali yetu. Baba alikuwa mpiga kengele katika shamba la mkonge, njia ya Korogwe. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwa mnyororo, na yeye ndiye aliyekigonga kwa nyundo, alfajiri watu waingie kazini na jioni watu watoke. Hakuwahi kumwibia mfanyakazi hata dakika moja ya jua lake, na hilo meneja mzee wa Kigiriki alilichukia mwanzo, kisha akaja kuliheshimu. Siku anaondoka nchini aliivua saa mkononi mwake mbele ya watu wote, akamvisha baba. Tangu hapo baba aliivua kwa kuoga, kutawadha na kulala tu. Na kila alfajiri akishaswali, aliiokota kando ya mto wa kulalia, akaitikisa mara tatu, ndipo akaifunga. Sisi watoto tulikuwa tukimwiga kwa nyuma na kuchekana. Tulidhani ni maringo yake.

"Kwa nini niushushe, baba?" nikauliza. Safari hii sauti ilitoka.

"Hauna cha kuonyesha."

Akaninyooshea mkono. Pale saa ilipokuwa ikikaa palikuwa na ule mviringo wa ngozi nyeupe, kama alivyozikwa nao. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Sikumwogopa yeye, baba yangu nimwogopee nini. Niliogopa kwa sababu saa ilikuwa ndani ya droo ya cherehani, karibu kabisa na goti langu, na nilijua ikoje.

Niirudishe hadithi nyuma kidogo, maana bila hili hutanielewa. Siku baba alipofariki, mmoja wa waliomwosha alikuwa Fundi Mbaruku, fundi saa, rafiki yake tangu ujana. Fundi Mbaruku ana meza yake yenye kisanduku cha kioo, barazani mwa duka la vitambaa karibu na soko, na ndiye peke yake aliyekuwa akiigusa saa ile miaka yote. Yeye ndiye aliyeivua mkononi mwa maiti. Alikuja nayo mpaka mlango wa uani, ikiwa bado inatembea, akanikabidhi mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu. Akaniambia, "Hii isilazwe, Zuhura. Mwambie mama yako." Nikaitikia, nikapokea. Nikadhani ni maneno ya msibani tu, mtu akizungumza kwa uchungu. Saa nilimpa mama, maneno sikuyafikisha.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajipaki manukato, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Saa aliikunja katika kitambaa cheupe, akaifungia sandukuni pamoja na kofia na tasbihi, kwa heshima. Kuivaa nani angethubutu? Siku ya arobaini alifungua sanduku atoe kofia, akaiweka saa sikioni. Kimya. Akaketi kitandani nayo, akasema, "Hata saa imemfuata mwenyewe." Wanawake waliokuwapo wakalia. Mimi pia nililia, sitaki kudanganya.

Kesho yake mama akaniita. "Mpelekee Fundi Mbaruku," akasema. "Akiifufua, nitalala nayo. Nyumba hii imekuwa kimya mno." Nikatoka nayo kwa nia safi kabisa. Nikafika barazani, meza imefunikwa turubai. Mwenye duka akaniambia fundi amekwenda Pangani harusini, atarudi Jumatatu. Siku tatu tu. Nakuambia siku tatu zilinishinda, mimi Zuhura, ambaye sijawahi kumpelekea mtu cherehani yangu anitengenezee. Mume wangu hunitania kwamba mwezi ukidondoka uani kwetu nitaufungua nione taa yake imekaaje. Basi nilirudi na saa nyumbani, njia nzima najisemea kwamba mashine ni mashine.

Ndotoni nikamtii baba. Nikachukua wembe nifumue pindo la ule mkono wa kanzu, na pini nikazibana midomoni, kama wafanyavyo washonaji wote. Nikakata uzi wa kwanza. Badala ya uzi kufumuka, pindo likatoka mafuta. Nilijua harufu yake kabla hayajafika mezani. Yalikuwa mafuta ya cherehani. Yakatiririka juu ya meza, nikayafuata kwa macho, na nilipoinua macho meza ilikuwa ile ya siku ile.

Sasa nimeketi na saa iko mbele yangu, imelala kifudifudi katikati ya chaki na vipande vya nyuzi. Ndoto haikubuni kitu hapa, ndivyo ilivyokuwa, ila siku ile nilikuwa peke yangu na sasa baba amesimama nyuma ya kiti changu. Nachokonoa mfuniko wa nyuma kwa ncha ya mkasi. Mkasi unateleza, unaichora dhahabu mstari mrefu. Nasema moyoni si kitu, huu ni upande wa chini, nani atauona. Nachokonoa tena, mfuniko unafunguka.

Ndani mna vidude vidogo vya kutia huruma, na juu yake mna kipande cha chuma cha nusu duara. Kinayumba. Nikiinamisha saa huku kinakimbilia huku, nikiinamisha kule kinakimbilia kule. Nafurahi mno, jamani. Naona nimeukamata ugonjwa. Katika cherehani kitu kinachochezacheza ndicho kibovu, kikaze, mashine itashona. Miaka yote hiyo nimekula kwa kanuni hiyo na haijanidanganya.

Nachukua bisibisi ndogo, nakaza skrubu ya katikati. Inakaza, inakaza, inakatika kichwa. Kile kipande sasa kinayumba zaidi. Natafuta supagluu, natia tone, nakigandisha kisicheze tena. Halafu, kwa kuwa cherehani ikinuna dawa yake ni mafuta, natia mafuta, tone la kwanza, la pili, la tatu. Gundi imeshuka ndani kusikoonekana. Mafuta yamepita mpaka upande wa mbele, na ule uso mweupe wa saa unageuka rangi ya chai. Narudisha mfuniko, unakataa. Naubana kwa kiganja, unakataa. Naiweka saa chini ya pasi ya mkaa, ile nzito ya shaba, naegemea kwa uzito wangu wote. Kioo kinapasuka upande wa pili. Sauti yake ni ndogo tu.

Nyuma yangu baba anavuta pumzi.

"Haikuwa mbovu," anasema. "Ilikuwa imelala."

Nageuka. Anautikisa ule mkono mtupu mara tatu, vilevile kama kila alfajiri ya utoto wangu, na hapo naelewa. Kipande kile kiliwekwa ili kiyumbe. Mkono ukitembea nacho kinatembea, na kikitembea ndipo saa inapopata nguvu. Baba hakuwa akiringa. Alikuwa akiiamsha. Saa ile iliishi kwa mkono wake, sisi tukaifungia sandukuni kwa heshima zetu ikanyamaza, kisha nikaja mimi mjuaji nikakigandisha kwa gundi kile hasa kilichokuwa kikiipa uhai. Na Fundi Mbaruku alikuwa ameniambia. Mlangoni, na mikono yake bado imelowa maji ya maiti, alikuwa ameniambia.

Naanza kulia. Nataka kumwambia baba nisamehe, lakini mdomoni nina pini. Baba ananitazama kama mtu anayengoja mwenziwe amalize, maana anajua kwamba saa siyo jambo lililomleta.

Ukutani nasikia sauti ya mama inauliza, "Nani kafanya hivi?"

Hilo nalo lilitokea. Nilimzungusha mama kwa zaidi ya mwezi, leo saa iko kwa fundi, kesho fundi anatafuta kipuri, mpaka asubuhi moja akasema, "Nirudishie hivyo hivyo, hata kama imekufa." Ningefanya nini? Nikaenda nayo. Akaikunjua, akaona kioo, akaona ule uso uliooza, akaona mchoro wa mkasi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Nani kafanya hivi?" Na ulimi wangu, ambao siku zote una majibu, ukajibu upesi kuliko nilivyofikiri. "Fundi Mbaruku. Macho yamemwisha, mama, mzee wa watu."

Mama yangu sijawahi kumsikia akimlaani mtu. Siku ile alisema, "Sitamsamehe. Duniani wala kwa Mungu, sitamsamehe." Ningeweza kusema neno moja pale na mambo yangeishia chumbani mle mle. Sikulisema. La kuvunda halina ubani, na langu lilianza kunuka siku hiyo.

Mama hatoki, lakini maneno hutoka. Wanawake waliokuja kumzuru waliyabeba, na katika wiki mbili mji mzima ulijua kwamba Fundi Mbaruku ameua saa ya marehemu rafiki yake. Watu wakaenda kuchukua saa zao. Hakuna aliyemwambia sababu, nani angemwambia mtu mzima usoni? Siku moja nilipita barazani nikamkuta ameketi, kile kioo chake cha jichoni kimening'inia kifuani, mbele yake hamna saa hata moja. Alikuwa akifuta kisanduku kwa kitambaa, na kilikuwa safi tayari. Akaniona.

"Zuhura, mama hajambo?"

"Hajambo, fundi."

"Ile saa ya baba yako mnaivaa?"

Nikamjibu, "Tunaivaa." Akafurahi kweli, na mimi nikaenda zangu.

Na mama alikuwa ameshaapa. Siku ya kutoka eda, akishaoga na kuombewa dua, safari yake ya kwanza ni barazani pale, aiweke saa juu ya kile kisanduku na amwambie mbele za watu. Eda ndiyo iliyokuwa imeuhifadhi uongo wangu. Kwa kuwa hasemi na wanaume, hakuweza kumwuliza. Sasa ilibaki usiku mmoja tu, na ndio usiku huu ninaokusimulia.

Chumba cha kushonea kikawa hakipo. Niko makaburini, mahali nisipopajua, maana siku ya maziko sisi wanawake tulibaki nyumbani. Ni mchana, wanaume wamejipanga, na kaka yangu Sefu amesimama kando ya shimo akisema yale maneno yasemwayo. Kama yupo mtu baba alimkosea, amsamehe. Kama yupo mwenye haki yake kwa marehemu, ajitokeze kwetu wanawe. Sefu alinisimulia baadaye kwamba palikuwa kimya, hakutokea hata mmoja, na kwamba sheikh alitikisa kichwa akasema huyu ameondoka mwepesi. Tulijivunia sana neno lile. Nililirudia kwa kila mteja aliyekuja kupima nguo.

Ndotoni kimya ni kile kile. Kisha baba, ambaye alikuwa kando yangu, anapita katikati ya safu za wanaume na fulana yake, anasimama pale penye udongo mpya, anafungua kiganja. Saa iko ndani yake, kioo kimepasuka, inachuruzika mafuta.

"Niliondoka sina haki ya mtu," anasema. "Hii ni ya nani?"

Wanaume wanatazamana. Namtazama Sefu, Sefu anatazama chini. Nataka kunyoosha mkono na mkono ni mzito. Baba anageuka, anaanza kutembea kuelekea mjini, na mimi namfuata. Njiani anatembea kwa taabu, na nikitazama miguu yake naona uvimbe umerudi. Umepanda mpaka magotini. Kila tunapopita mlango, mlango unafungwa.

Tunafika barazani. Fundi Mbaruku ameketi mezani kwake, kioo chake jichoni, anachungulia kasha la saa ambalo halina kitu ndani. Hainui kichwa. Na baba yangu, ambaye wakubwa wa shamba walimtisha kwa kufukuzwa kazi na hakumwinamia hata mmoja, anashika ukingo wa meza, anashuka polepole kwa sababu ya miguu yake, anaketi chini. Chini kabisa, vumbini, miguuni kwa Fundi Mbaruku.

"Mbaruku," anasema. "Nisamehe."

Fundi anaendelea kuchungulia. "Kwa lipi?"

Baba ananigeukia mimi. Fundi naye anatoa kioo jichoni, ananigeukia. Wapita njia wamesimama, mwenye duka ametoka mlangoni, wote wananitazama, na mimi ninalo jibu, liko hapa, neno moja tu. Nafungua mdomo. Pini. Zimejaa tele, zimelaliana juu ya ulimi, nikijaribu kusema zinanichoma, nikijaribu kutema zinaongezeka. Natoa moja, natoa kumi, zinatoka zenye damu na ndani zimebaki nyingi zaidi. Nalia kwa puani kama mtoto. Namwonyesha baba mdomo wangu aone kwamba siwezi.

Baba ananitazama kwa huruma, na huruma yake inaniumiza kuliko hasira. Anashika kidevu chake. Naona pale kile kitambaa cheupe walichomfungia siku ile, kimezunguka taya mpaka utosini, kimekazwa fundo.

"Mimi nimefungwa taya, mwanangu," anasema. "Wewe hujafungwa."

Nikaamka. Mdomo ulikuwa mkavu, una ladha ya chuma, na nilijipapasa midomo kwa vidole kabla sijakumbuka niko wapi. Mume wangu alikuwa amelala. Msikitini waliadhini alfajiri, nikaiitikia adhana. Nikaswali, sijui niliswalije. Kisha nikaenda chumba cha kushonea, ambako mama aliniachia saa niitunze mpaka siku yake hii, nikaitoa katika droo ile. Ilikuwa vilevile.

Nyumba ya mama ni ya pili kutoka kwangu. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshaswali, nguo mpya imekunjwa kando yake, na jikoni maji ya kuogea yalikuwa yanachemka na majani ya mrehani. Shangazi zangu wangefika jua likichomoza.

"Mbona una uso huo?" akaniuliza.

"Nimemwota baba."

Mama akajiweka sawa. Kwa watu wetu ndoto ya marehemu husikilizwa kwa adabu, kama barua. "Alikuwaje?"

"Mwanzo alikuwa mzima, mama. Baadaye miguu ikamvimba tena."

"Alikuwa wapi?"

"Barazani kwa Fundi Mbaruku. Amekaa chini. Alikuwa anamwomba radhi."

Uso wa mama ukabadilika. "Baba yako amwombe radhi yule? Kwa lipi?"

Lilikuwa swali lile lile, kwa maneno yale yale. Nikapiga magoti, nikamwekea saa mapajani. Nikamwambia saa hii niliiharibu mimi, kwa mikono yangu, mezani kwangu. Nikamwambia Fundi Mbaruku hakuiona wala hakuigusa tangu siku aliyomvua baba. Nikamwambia na lile neno la mlangoni, kwamba isilazwe, ambalo nilipewa nimfikishie na sikumfikishia. Yote nikayasema, hata mkasi, hata gundi, hata lile jibu nililompa fundi barazani. Nilikuwa nasubiri anipige. Ningemshukuru kama angenipiga.

Mama aliishika saa kwa mikono miwili. Akaitikisa mara tatu, kama mtu asiyejua kwamba anaitikisa, akaisogeza sikioni, akangoja. Kisha akauliza, "Alikaa chini kabisa?"

"Chini, mama. Vumbini, na fulana."

Ndipo akalia. Alilia kimya kimya, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya kile kioo kilichopasuka. "Alitoka kwangu mwepesi," akasema. "Mmekwenda kumkalisha chini." Akaongeza, "Na mimi nimemlaani mtu aliyemwosha mume wangu."



Akajifuta uso kwa upande wa kanga. Akaniambia nizime moto jikoni. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Zima," akasema. "Maji yatangoja. Sitaoga mpaka urudi. Utakwenda useme pale pale barazani, watu wakishafungua maduka, na usiseme kwa sauti ya chini. Ukimaliza, muombe aje mpaka mlangoni. Nitamwomba radhi mwenyewe."

Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaukunja mkono wa gauni langu vidole viwili, akanifunga saa. Mkanda ulikuwa mkubwa, akausogeza juu mpaka ukakaa. Chuma kilikuwa baridi.

"Isilazwe," akasema.

Nilitoka jua likiwa limeshapanda. Nilipofika kona ya soko niliushtukia mkono wangu ukijitikisa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Saa haikutoa sauti. Mbele yangu Fundi Mbaruku alikuwa anaondoa turubai juu ya meza yake tupu, mwenye duka anafagia baraza, wanunuzi wa mapema wanapita. Fundi akainua kichwa, akauona mkono wangu, akaanza kutabasamu. Nikasimama mbele yake, mahali ambapo watu wote wangenisikia. Mdomoni sikuwa na pini hata moja.